Nyimbo za Usukuma zirudi kwa wenyewe

Katika shule nyingi za wilaya zilizo baina ya Shinyanga na Geita, mtoto wa darasa la saba aweza kuimba bila kukosea nyimbo kumi za vijana wa Dar es Salaam zinazopigwa redioni. Mtoto huyo huyo akiulizwa wimbo mmoja ambao babu yake aliimba akilima kwa jembe la mkono, huinamisha kichwa. Si kosa lake. Hakuna aliyemfundisha, na wala hakuna aliyeona kwamba kumfundisha ni kazi ya mtu yeyote.

Jambo hili limekwisha kusemwa mara nyingi, na kila linaposemwa hujibiwa kwa maneno ya kuliwaza: kwamba nyimbo za jadi zilikwisha kurekodiwa zamani, kwa hiyo hazitapotea. Jibu hilo ndilo linalostahili kuchunguzwa, kwa sababu linawapa walimu na maofisa wa Serikali sababu ya kukaa kimya. Ni kweli kwamba nyimbo nyingi zilirekodiwa. Si kweli kwamba kurekodiwa peke yake kumeziokoa.

Mwaka 1950 ni shahidi mzuri wa tofauti hiyo. Mwaka huo zilitokea kazi mbili, mbali kabisa moja na nyingine, zote zikihusu nyimbo za wananchi wa kawaida. Kazi ya kwanza ilikuwa Marekani. Kampuni ndogo ya santuri iitwayo Folkways, iliyoanzishwa na Moses Asch katika jiji la New York mwaka 1948, ilitoa santuri ya kijana mpiga banjo aitwaye Pete Seeger. Santuri hiyo iliitwa Darling Corey. Nyimbo zilizokuwamo hazikuwa zake. Zilikuwa nyimbo za jadi za Wamarekani, za wachunga ng'ombe na za watu wa milimani, ambazo watungaji wake wengi hawajulikani. Seeger alikuwa mtoto wa wasomi, hakuzaliwa milimani. Banjo ya nyuzi tano aliisikia katika tamasha la North Carolina mwaka 1936, akiwa na umri wa miaka 17, naye akaamua kuijifunza. Baadaye alifanya kazi kwa muda katika Maktaba ya Bunge huko Washington, chini ya Alan Lomax, akisikiliza na kuchambua santuri za nyimbo zilizokusanywa vijijini. Hivyo alichokifanya ni kuzichukua nyimbo kutoka rafuni na kuziimba tena mbele ya watu.

Kazi ya pili ilifanyika Tanganyika. Mwaka huo huo wa 1950 Mwingereza aitwaye Hugh Tracey, aliyekuwa amehamia Rhodesia ya Kusini tangu ujana wake, alizunguka nchi akirekodi muziki wa makabila mbalimbali, wakiwamo Wagogo, Wahaya, Wanyamwezi na Wasukuma. Alisafiri na mashine nzito ndani ya gari, na jenereta ya umeme iliwekwa mbali ili ngurumo yake isiingie katika sauti za waimbaji. Kwa jitihada hiyo zikahifadhiwa sauti za watu ambao vinginevyo wasingesikika tena duniani. Mwaka 1954 Tracey alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Kiafrika huko Roodepoort, Afrika Kusini, na kutoka humo zikatolewa santuri zaidi ya 200 zenye muziki wa Afrika. Alifariki mwaka 1977, na mwaka uliofuata maktaba hiyo ikahamishiwa Chuo Kikuu cha Rhodes, katika mji uliokuwa ukiitwa Grahamstown na ambao tangu mwaka 2018 unaitwa Makhanda. Huko ndiko ziliko hata leo.

Nyimbo za kundi la kwanza zilipata njia gani baada ya hapo? Seeger na wenzake waliokuwa na kundi liitwalo The Weavers walitiwa katika orodha ya watu walionyimwa kazi kwa sababu ya siasa zao. Mwaka 1955 alikataa kujibu maswali ya kamati ya Bunge la Marekani kuhusu itikadi na marafiki zake, na kwa miaka mingi vituo vikubwa vya televisheni vikamfungia milango. Yeye akaelekea shuleni. Alizunguka na banjo yake katika madarasa, kambi za watoto na vyuo, akiwafundisha vijana kuimba naye badala ya kumsikiliza tu. Mwaka 1953 alitoa santuri ya nyimbo za jadi kwa ajili ya watoto, na kuanzia mwaka 1957 hadi 1962 akatoa mfululizo wa santuri tano za nyimbo za jadi zilizopendwa sana na Wamarekani. Walimu walizitumia. Watoto wakakua nazo. Asch alipofariki mwaka 1986, hazina yake ilichukuliwa mwaka uliofuata na Taasisi ya Smithsonian, ambayo ni taasisi ya umma, kwa sharti kwamba kila santuri, zikiwa zaidi ya 2,000, iendelee kupatikana kwa yeyote aitakaye, hata kama katika mwaka mzima wanunuzi wake ni wachache mno.

Na nyimbo za Wasukuma je? Zilihifadhiwa vizuri, na wataalamu wa nchi za nje wamezisikiliza na kuziandikia. Katika miaka ya karibuni zimehamishiwa kwenye kompyuta, na sampuli zake zasikika kwa intaneti. Lakini mwalimu wa Kharumwa hakuletewa. Hazikuingia katika mihula ya shule wala katika sherehe za wilaya. Nyimbo za Marekani zilitoka kijijini zikaenda maktaba, kisha zikatoka maktaba zikaenda shuleni. Nyimbo za Usukuma zilikwenda safari ya kwanza tu. Hapo ndipo ilipo tofauti, na tofauti hiyo haikuletwa na mashine wala fedha. Ililetwa na kukosekana kwa mtu wa kuzirudisha.

Yafaa pia ikumbukwe kwamba hata banjo yenyewe si mgeni kwa Mwafrika. Asili yake ni ala za Afrika Magharibi za kibuyu kilichowambwa ngozi, kama vile akonting ya Wajola wa Senegal na Gambia. Watu waliochukuliwa utumwani waliunda upya ala za namna hiyo katika visiwa vya Karibi na Amerika. Mpiga banjo Béla Fleck alitambua deni hilo. Mwaka 2005 alisafiri Uganda, Tanzania, Gambia na Mali akipiga pamoja na wenyeji, na hapa Tanzania alirekodi na Anania Ngoliga, msanii asiyeona lakini bingwa wa ala za jadi. Kwa hiyo yule ambaye huiona zeze ya Msukuma au ndono ya Mnyamwezi kuwa ala za watu wa nyuma, na banjo au gitaa kuwa ala za wastaarabu, hajui nasaba ya anachokisifu.

Hasara inayozungumzwa hapa si ya burudani tu. Katika Usukuma wimbo ulikuwa chombo cha kazi. Vikundi vya vijana vililima mashamba kwa zamu, na jembe lilipanda na kushuka kwa kipimo cha ngoma. Ngoma ya Bagobogobo, ambayo wachezaji wake hurusha na kuzungusha majembe, ilizaliwa katika kazi hiyo. Waganga wa nyoka walikuwa na nyimbo zao, na wawindaji wa nungu zao. Baada ya mavuno yalifuata mashindano makubwa ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyotokana na mamanju wa kale Ngika na Gumha. Hapo ushindi ulikuwa wa yule aliyeuvuta umati mkubwa zaidi upande wake. Manju hakuwa mpiga kelele. Alikuwa mtunzi, mwanahistoria na mkosoaji. Njaa ilipoingia, bei ya pamba ilipoanguka, mtemi alipodhulumu, habari hizo ziliingia katika wimbo, na kwa wimbo zikatembea kutoka kijiji hadi kijiji kabla gazeti halijafika.

Leo plau na trekta zimechukua mahali pa majembe ya vikundi, na hakuna mwenye akili awezaye kuomba kazi ya mkulima irudi kuwa ngumu ili nyimbo zibaki. Kharumwa, makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale iliyoanzishwa mwaka 2012 kutoka katika Wilaya ya Geita, imo katika ukanda wa dhahabu. Vijana wa ukanda huo huenda kwenye maduara na mialo, ambako mlio wa karasha hauachi nafasi ya manju. Watu wa makabila mengi wamekusanyika, na lugha ya pamoja ni Kiswahili, jambo ambalo ni fahari ya taifa. Mabadiliko hayo hayazuiliki. Lakini kwa kuwa wimbo umepoteza shamba lililoulea, hapana budi utafutiwe malezi mahali pengine, na mahali penyewe ni shule.

Kabla ya kueleza namna, haifai kuyaficha mapungufu ya zile rekodi za zamani. Santuri ya wakati wa Tracey ilibeba takriban dakika tatu kila upande. Wimbo wa mashindano ambao manju aliuendeleza mchana mzima, akiubadilisha kwa kadiri umati ulivyomjibu, ulilazimika kukatwa uingie katika dakika hizo. Kilichohifadhiwa ni kipande. Mzee anayeujua wimbo wote ndiye santuri kamili, na santuri hiyo haina nakala.

Kisha kuna suala la haki. Mwaka 1939 Mzulu aitwaye Solomon Linda alirekodi Johannesburg, katika studio ya kampuni ya Gallo, wimbo alioutunga uitwao Mbube. Inaelezwa kwamba alilipwa shilingi 10. Santuri hiyo ilifika mikononi mwa Seeger huko New York, naye na The Weavers wakaueneza wimbo huo kwa jina la Wimoweh. Mwaka 1961 wanamuziki wengine wa Marekani waliutoa tena kwa jina jingine, nao ukawa miongoni mwa nyimbo zilizochuma fedha nyingi duniani. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini. Warithi wake walisubiri hadi mwaka 2006 ndipo shauri lao likamalizika kwa makubaliano ya kulipwa. Huyu Seeger, aliyekuwa mtu mwenye nia njema na aliyependa haki, hakuwa mwizi. Hata hivyo, wimbo ulipopitia mikononi mwake bila jina la mtunzi kuambatana nao, mlango wa dhuluma ulikwisha kufunguliwa. Funzo ni kwamba nia njema bila kumbukumbu sahihi haimlindi mnyonge. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo inatambua na kulinda sanaa za jadi. Lakini sheria haiwezi kumtetea manju ambaye jina lake halikuandikwa popote.

Wapo wasomi waliofanya kazi ya kuheshimika juu ya nyimbo hizi. Padri David Clement, kutoka Kanada, alijenga huko Bujora, karibu na Kisesa mkoani Mwanza, makumbusho ya Wasukuma ambayo yangali yanatembelewa, na mashindano ya ngoma ya Bulabo hufanyika huko kila mwezi Juni. Mmarekani Frank Gunderson alikusanya nyimbo za kazi za Wasukuma zaidi ya 300, akazitolea kitabu kikubwa mwaka 2010. Kitabu hicho kilichapishwa Uholanzi, nacho kimeandikwa kwa Kiingereza. Mjukuu wa manju aliyeimba humo, akisoma shule ya msingi katika kijiji cha Nyang'hwale, hawezi kukisoma hata akikipata. Haiwezekani kumlaumu mgeni kwa kuandika kwa lugha yake. Swali ni kwa nini mwenyeji hajaandika kwa ya kwake.

Je, kuzirudisha nyimbo kunawezekana? Mfano uko jirani. Mwaka huo huo wa 1950 Tracey alirekodi huko Kapkatet, nchini Kenya, wasichana wa Kikipsigis wakiimba wimbo uitwao Chemirocha. Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilifika katika nyanda hizo kwa gramafoni. Wasichana wale walimsikia, wakamgeuza kuwa kiumbe nusu mtu nusu mnyama, wakamtungia wimbo wa Kikipsigis. Mwaka 2014 maktaba ya Makhanda ilipeleka rekodi hizo Kapkatet, ikawapata baadhi ya waliorekodiwa wakiwa bado hai, na vijana wa mahali hapo wakasikia sauti za bibi na babu zao. Ikiwa maktaba yenyewe iko tayari kurudisha, kinachohitajika Tanzania ni mwenye kuomba.

Wajibu huo una sehemu tatu, na hakuna iliyo ngumu. Ya kwanza ni ya halmashauri za wilaya. Ofisa Utamaduni yafaa aandike Makhanda, kadhalika Shirika la Utangazaji Tanzania, ambalo lilirithi kanda za ngoma zilizorekodiwa na Radio Tanzania, aombe nakala za nyimbo za Wasukuma na kuzigawa mashuleni. Barua haigharimu kama warsha. Wazee nao waitwe wazisikilize, wasahihishe majina na maneno yaliyokosewa.

Sehemu ya pili ni ya mwalimu. Tracey alihitaji gari zima la mitambo. Mwalimu wa leo ana simu mfukoni inayonasa sauti saa nzima bila kukata. Awachukue wanafunzi wake waende kwa mzee mmoja kila muhula. Kwanza wamwombe ruhusa, kwa kuwa zipo nyimbo za vyama vya waganga ambazo si za kila sikio, na mwenyewe akikataa aheshimiwe. Akikubali, mwanzoni mwa rekodi litajwe jina lake, kijiji chake, tarehe, na wimbo ulikuwa wa kazi gani. Maneno yaandikwe kwa Kisukuma, kisha yafasiriwe kwa Kiswahili na wanafunzi wenyewe. Nakala moja ibaki shuleni, ya pili iende ofisi ya wilaya, na ya tatu apewe mzee na jamaa zake. Hiyo ya tatu isisahauliwe, maana ndiyo inayotofautisha ukusanyaji na uchukuzi.

Sehemu ya tatu ni kuimba. Wimbo uliofasiriwa na kufungiwa kabatini umehamishwa tu kutoka kabati la Makhanda kwenda kabati la Kharumwa. Uimbwe mchakamchaka, uimbwe siku ya wazazi, uchezwe kwa majembe katika bustani ya shule.

Huenda wakatokea wenye kusema kwamba kufundisha nyimbo za Kisukuma ni kuamsha ukabila. Hofu hiyo ilikuwa na heshima yake katika taifa changa, lakini Mwalimu Nyerere mwenyewe, katika hotuba yake ya tarehe 10 Desemba 1962 alipotangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni, aliwasuta waliojua kucheza rumba na chacha huku hawajapata hata kuzisikia ngoma kama gombe sugu na kiduo. Hakuona kwamba ngoma za makabila ni adui wa taifa. Aliziona kuwa ndizo taifa linamojengwa. Mtoto wa Kichaga au wa Kiha aliyezaliwa migodini Nyang'hwale, akijifunza wimbo wa manju wa Kisukuma pamoja na tafsiri yake ya Kiswahili, hapungukiwi Utanzania wake. Anaongezewa.

Wengine watasema walimu wana kazi nyingi, madarasa yamejaa, na mitihani haiulizi habari za Ngika na Gumha. Malalamiko hayo ni ya kweli. Lakini safari moja kwa muhula haitaangusha mtihani, na mwanafunzi aliyezoea kuandika maneno ya mzee na kuyafasiri kwa ufasaha amejifunza lugha kuliko aliyenakili ubao.

Jambo lisilosubiri ni umri. Kijana aliyekuwa na miaka 20 Tracey alipopita mwaka 1950, akiwa hai, anakaribia miaka 100. Walioimba katika mashindano ya miaka ya 1960 na 1970 wangalipo, wachache, wamekaa barazani Kharumwa, Nyijundu na vijiji vingine, na wengi wao hawajawahi kuulizwa. Seeger alifariki mwaka 2014 akiwa na miaka 94, na nyimbo alizozitoa rafuni hazikuondoka naye kwa sababu watoto wa shule walikuwa wamekwisha kuzishika. Mamanju wa Usukuma wanastahili mwisho kama huo, na muhula ujao hauko mbali.